Bibi Aliyewachunguza Samaki wa Maziwa

Sisi wa Songwe twaijua mito miwili yenye jina hilo: mmoja huingia Ziwa Rukwa, wa pili Ziwa Nyasa. Katika Nyasa hiyo, mwaka 1945, alifika msichana wa Kiingereza, Rosemary Lowe, mzaliwa wa Liverpool, umri wake miaka 24, kuchunguza samaki waitwao chambo.

Aliwapasua samaki waliovuliwa, akatazama mayai yao, apate kujua huzaa majira gani na mahali gani. Maana chambo jike hulea mayai na watoto wake kinywani. Amvuaye wakati huo huangamiza na kizazi chake.

Mwaka 1948 alikwenda kaskazini, kwenye kituo cha uchunguzi wa samaki cha Jinja, kando ya Ziwa Viktoria. Kisha mwaka 1953 akaolewa na Richard McConnell, mjuzi wa miamba. Hapo akalazimika kuacha kazi yake, kwa kuwa serikali ya kikoloni haikumruhusu mwanamke aliyeolewa kuendelea nayo.

Je, ndoa ilimpunguzia akili? Hata kidogo! Aliendelea kuchunguza samaki huko Guiana, na baadaye katika makumbusho ya London pasipo mshahara, akaandika vitabu vinavyosomwa na wataalamu. Mwaka 1997 alipewa nishani ya Linnean Society. Alifariki mwaka 2014.

Basi, wasomaji, tumtoapo binti shuleni kwa ajili ya posa, tujiulize ni elimu gani tunayoizima.