Kifundo cha mguu: Kiunganishwe au kiwekwe bandia?

Baridi yabisi kali ya kifundo cha mguu, tofauti na ile ya goti, hutokana zaidi na jeraha la zamani, kama vile mfupa uliovunjika katika ajali ya bodaboda au ya barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret.

Dawa zikishindwa, mifupa huweza kuunganishwa kwa skrubu. Maumivu hutulia, lakini kifundo hakikunjiki tena, na kupanda mlima huwa kazi. Kifundo bandia cha chuma na plastiki hukunjika, ila huchakaa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka wa 2022, uliohusisha wagonjwa 303, ulionyesha nafuu iliyokaribiana baada ya mwaka mmoja.

Hata hivyo, kijana mkulima wa Molo abebaye magunia ya viazi hufaidika zaidi na kuunganishwa; bandia humfaa mzee wa shughuli nyepesi. Mvutaji sigara aache kwanza, kwani tumbaku huchelewesha mifupa kushikana.