Ngome ya Harzburg

Ukipanda kilima cha Burgberg, juu ya mji wa Bad Harzburg katika nchi ya Ujerumani, utakuta kisima na mabaki machache ya misingi ya mawe. Usiyapite hivi hivi, ewe msomaji, kwani hapo palisimama ngome iliyoutikisa ufalme mzima.

Heinrich IV alirithi ufalme mwaka 1056, akiwa mtoto wa miaka mitano. Alipokua aliazimu kuirudisha mkononi mwake nchi ya Wasaksoni, akajenga ngome vilimani. Harzburg, iliyoanza kujengwa yapata mwaka 1065, ndiyo iliyokuwa maarufu kupita zote. Ndani yake mfalme alijenga kanisa, na humo wakazikwa ndugu yake Konrad na mwanawe mchanga.

Wasaksoni walinung'unika kwamba askari wa ngome waliwanyang'anya vyakula na kuwafanyisha kazi kama watumwa. Mwezi wa Agosti 1073 wakaondoka kwa silaha, na mfalme akatoroka Harzburg usiku, akapita msituni. Februari 1074, huko Gerstungen, akakubali ngome zake zibomolewe. Basi Wasaksoni walikuwa wamekwisha kupata walichokitaka.

Lakini mfalme alibomoa kuta tu, kanisa akaliacha. Wakulima walipoona hivyo walipanda kilimani kwa ghadhabu, wakalivunja kanisa, wakayafukua makaburi na kuitupa mifupa ya maiti. Habari hizo ziliwachukiza watu kila mahali, hata wakuu wa Wasaksoni wenyewe waliona haya. Mabwana waliosita kumsaidia mfalme jana, leo walimfuata vitani. Tarehe 9 Juni 1075, karibu na mto Unstrut, Wasaksoni walishindwa vibaya. Wakuu wao walikimbia juu ya farasi; wakulima, waliokuwa wakienda kwa miguu, ndio waliouawa kwa wingi.

Baadaye Friedrich Barbarossa aliijenga upya ngome hiyo, na Kaisari Otto IV akafia humo mwaka 1218. Hatimaye, katika karne ya 17, ikabomolewa kabisa.

Fikiri basi, msomaji. Kuta imara hazikumpa mfalme mapenzi ya raia zake. Nao raia, ambao walikuwa na haki, waliipoteza siku walipowalipiza wafu makosa ya walio hai. Wazee hawakukosea waliposema: hasira, hasara.