Kutoka "Kwetu" Hadi "Kwenu"

Mwaka 2016, Ryan Heuser, Franco Moretti na Erik Steiner wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa utafiti kuhusu hisia za jiji la London. Walipitisha maelfu ya riwaya za Kiingereza za kati ya 1700 na 1900 kwenye kompyuta, wakasaka majina ya mahali, kisha wakawauliza wasomaji mtandaoni: kipande hiki kina hofu au furaha? Kilichonikaa ni hiki: London halisi ilizidi kutanuka, ila riwaya ziling'ang'ania katikati ya jiji na West End ya matajiri. Wengine waliishi mitaa ambayo vitabu haviitaji sana.

Nikasema, wacha nijaribu na barua za babu. Miaka ya 70 alitoka Mombasa kuja kufanya kazi ya reli Nairobi, akakaa Makongeni, huku akimwandikia bibi. Nilizichapa barua zote, nikaiagiza programu itafute majina ya mahali. Ikaambulia patupu. Nairobi mara chache, Mombasa kwenye anwani tu. Ukiamini mashine, babu hakuishi popote.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Nilikopa njia ya Kiingereza nikasahau Kiswahili kinavyobeba mahali. Mtu akikuandikia, "huku" ni alipo yeye, "huko" ni uliko wewe, "kule" ni mbali na nyinyi wawili. Hakuna haja ya jina. Basi nikaandika orodha mpya: huku, huko, kule, kwetu, kwenu. Nikazipanga barua kwa tarehe.

Hapo stori ikatoka. Mwanzoni babu anauliza hali ya "huko kwetu". Miaka inavyosonga, "kwetu" inapungua. Kisha siku moja anauliza kama mvua imenyesha "huko kwenu". Baada ya hapo ni "kwenu" hadi barua ya mwisho. Hakuna mahali alipoandika kwamba harudi. Na hakurudi.

Likizo iliyopita nilimwonyesha bibi jedwali langu kwenye simu, nikiogopa kidogo. Aliliangalia, akanirudishia simu.

"Mjukuu wangu, hiyo 'kwenu' ya kwanza niliisoma mara tatu, nikaikunja, nikaenda kupika. Kompyuta yako imechelewa miaka arobaini."