Pikipiki iliyotumika: Kagua magurudumu na breki kabla ya injini

WANUNUZI wengi wa pikipiki iliyotumika huanza kwa kusikiliza mlio wa injini. Kwa mkazi wa Kaengesa, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa wilayani Sumbawanga, mkoani Rukwa, ukaguzi unapaswa kuanzia chini: kwenye magurudumu na breki. Injini mbovu humwacha dereva njiani, bali breki mbovu humpeleka korongoni.

Sababu kubwa ni mteremko. Sehemu kubwa ya uwanda wa Ufipa ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Rukwa lipo kwenye takriban mita 800. Anayetoka juu kwenda vijiji vya bondeni, kama Muze na Mtowisa, hulazimika kushuka ukingo wa Bonde la Ufa, mara nyingi akiwa na abiria au gunia nyuma yake. Masika huleta tope na kiangazi huleta vumbi, na vyote viwili hupenya hadi ndani ya breki.

Pikipiki ndefu za njia mbaya, kama vile Honda XL na Yamaha DT, zimetumika kwa miaka mingi nchini katika kazi za vijijini. Nyingi za matoleo ya zamani zina breki za dramu. Aidha, Yamaha DT ina injini ya mipigo miwili, ambayo husaidia kidogo tu kupunguza mwendo mteremkoni hata ikiwa katika gia ndogo. Hivyo mzigo mkubwa huangukia breki.

Magurudumu kwanza

Gurudumu lililopinda haliwezi kupata breki nzuri, kwa hiyo matengenezo huanzia hapo. Pikipiki huinuliwa juu ya sanduku imara, kisha gurudumu hushikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, au likitoa sauti ya kukwaruza linapozungushwa, beringi zimechakaa.

Beringi hubadilishwa zote kwa pamoja. Bomba linalozitenganisha ndani ya habu lazima lirudishwe mahali pake, la sivyo beringi mpya zitabanwa na kufa mapema. Wakati wa kuziingiza, fundi hugonga ukingo wa nje pekee, kamwe si wa ndani.

Spoki hupimwa kwa kuzigonga kwa spana ndogo. Iliyokaza hutoa mlio mkali. Iliyolegea hutoa mlio mzito. Spoki hukazwa robo mzunguko kwa wakati mmoja, huku kijiti kilichofungwa karibu na ringi kikionyesha inapoyumba. Kwa pikipiki nyingi, kiwango cha mwisho cha kuyumba ni milimita 2. Ncha ya spoki inayochomoza ndani ya ringi husawazishwa kwa tupa ili isitoboe tyubu.

Tairi nalo lina umri. Kwa matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000, tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni hutaja wiki na mwaka: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi lenye nyufa halifai, hata kama meno yake bado ni marefu.

Ndani ya dramu

Vumbi la breki halipulizwi kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Breki shuu za zamani huweza kuwa na asbesto, madini yanayosababisha saratani. Vumbi hilo huloweshwa kwa maji na kufutwa kwa kitambaa kibichi, ambacho hutupwa baadaye.

Breki shuu ambayo gamba lake limebaki milimita 2 au pungufu hubadilishwa. Iliyolowa grisi au mafuta nayo hubadilishwa, kwa kuwa msasa hauwezi kuondoa mafuta yaliyokwisha kuingia ndani. Dramu hupimwa kipenyo chake na kulinganishwa na kiwango cha mwisho ambacho kwa kawaida huandikwa ndani ya habu. Kamu hupakwa grisi kidogo tu.

Upo ujanja ambao mnunuzi anapaswa kuufahamu. Badala ya kununua breki shuu mpya, baadhi ya watu huchomoa mkono wa kamu na kuurudisha ukiwa umesogezwa meno kadhaa. Breki huonekana kushika vizuri, lakini kamu imezunguka kupita kiasi na inaweza kupinduka na kulifunga gurudumu ghafla. Dalili yake ni mshale wa kuonyesha uchakavu usiolingana na hali halisi ya breki shuu.

Penye breki ya diski, mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, kwani hufyonza unyevu. Unyevu huo huchemka breki zinapopata joto kali, na wenzo ukalegea mkononi katikati ya mteremko.

Kufunga na kujaribu

Kosa la hatari zaidi hutokea wakati wa kurudisha gurudumu. Sahani ya breki ya mbele lazima iingie kwenye kishikizo chake katika shokapu, na ya nyuma ifungwe kwa mkono wake wa kuizuia, pamoja na pini mpya. Sahani isiyoshikiliwa huzunguka pamoja na gurudumu na kulisimamisha ghafla.

Cheni hukazwa kwa kulinganisha alama za pande zote mbili ili gurudumu likae sawa. Breki ya nyuma hurekebishwa baada ya hapo, kwa sababu kulivuta gurudumu nyuma huikaza breki pia. Wenzo wa mbele huachiwa nafasi ya milimita 10 hadi 20, na pedali milimita 20 hadi 30, isipokuwa kitabu cha pikipiki husika kikielekeza vinginevyo.

Jaribio la kwanza hufanywa mahali tambarare, kwa mwendo mdogo, bila abiria. Baada ya kilomita chache dramu huguswa kwa tahadhari: ikiwa ya moto pasipo breki kutumika sana, breki imekaza mno. Spoki hukaguliwa upya, kwani mpya hulegea. Hapo tu ndipo pikipiki inapofaa kupelekwa mteremkoni.