Msaidizi wa Kisheria: Jina, Kazi na Ngazi ya Kuipanda

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Tanzania Bara, Namba 1 ya mwaka 2017, ilimtambua rasmi mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa akichapa kazi bila kutajwa popote katika vitabu vya sheria. Waliomhitaji walimwita kila jina: mtu wa haki za binadamu, mwanasheria wetu wa kata, au "paralegal" kama Kiingereza kilivyomleta, wingi wake "maparalegal". Wasiompenda walimwita kishoka, jina lile lile la wakili wa bandia anayevizia watu nje ya mahakama. Leo, kwenye fomu za usajili na vibao vya ofisi, jina lake ni msaidizi wa kisheria. Jina limekaa, na sioni sababu ya kulibadili. Ila lina mitego, na mtego mkubwa humngoja yule anayetaka kupanda kutoka usaidizi wa kila siku hadi kuwaongoza wasaidizi wenzake katika mashauri ya jinai.

Kiswahili kina namna mbili za kulitumia neno msaidizi. Likifuata cheo, humshusha mtu ngazi: katibu msaidizi, kamishna msaidizi, mhariri msaidizi. Huyo ni wa pili, na wa kwanza yupo juu yake. Likitangulia, habari hugeuka, kwa maana swali linakuwa anasaidia nini au anamsaidia nani. Ndiyo maana wanaomwita "mwanasheria msaidizi" wanakosea mara mbili, kwani yeye si mwanasheria, wala hayuko pale kumshikia mwanasheria mkoba. Msaidizi wa kisheria ametokana na msaada wa kisheria, mzizi mmoja, kama mwuguzi na uuguzi. Waliochagua jina hili, kwa kujua au kwa bahati, waliiweka kazi upande wa mwenye shida.

Kiingereza hakikuanzia huko. Kiambishi cha Kigiriki kilicho mwanzoni mwa neno lao maana yake ni kando, na kando iliyokusudiwa ni ya wakili. Mwaka 1968 Chama cha Mawakili cha Marekani kiliunda kamati maalumu ya kutazama jinsi ofisi za mawakili zinavyoweza kuwatumia watu wasio mawakili. Tafsiri ambayo chama hicho kiliipitisha mwaka 1997 inasema wazi kwamba mtu huyu hufanya kazi halisi ya sheria aliyokabidhiwa, na wakili ndiye anayebeba dhamana ya kazi hiyo. Mwaka 1989, katika shauri la Missouri dhidi ya Jenkins, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba saa za wasaidizi hawa zinaweza kudaiwa kwa bei ya soko pale mshindi anaporudishiwa gharama za uwakili. Tangu hapo saa ya msaidizi ikawa mali inayohesabika. Na penye mali hapakosi meneja: chama cha mameneja wa wasaidizi hao kilikuwa kimekwisha kuundwa tangu 1984. Meneja wa huko huajiri, hugawa majalada, huangalia nani amezidiwa na nani amekaa bure, na hufuatilia saa zitakazoingia kwenye ankara. Katika ofisi za waendesha mashtaka, au za mawakili wanaolipwa na serikali kuwatetea wasio na uwezo, ankara haipo, lakini mpangilio ni ule ule. Mtu huyu Kiswahili kingemwita msaidizi wa wakili, na kingekuwa kimesema kweli.

Kuna na wa tatu, ambaye hataki kuingia katika jina lolote. Ontario, nchini Kanada, tangu 2007 chama cha wanasheria wa jimbo hilo kinampa leseni yake mwenyewe, anafungua ofisi yake, na katika makosa madogo ya jinai anasimama mahakamani kumtetea mteja. Anaitwa kwa neno lile lile la Kiingereza. Mfasiri atakayemwandika huyu "msaidizi wa kisheria" kwenye gazeti la Dar es Salaam atakuwa amempotosha msomaji, kwa sababu wetu haruhusiwi kusimama mahakamani kwa niaba ya mtu, wala hatozi ada.

Basi wetu hufanya nini katika jinai? Kwanza huyajua majina ya hali za watu. Aliyekamatwa na yuko kituo cha polisi ni mtuhumiwa. Akishasomewa mashtaka ni mshtakiwa. Akinyimwa dhamana, au akiipata na kushindwa masharti yake, akapelekwa gerezani kungoja, ni mahabusu. Akitiwa hatiani na kupewa kifungo ndipo anakuwa mfungwa. Mitaani wote wanne huitwa wafungwa, na familia hulia kilio kimoja. Kumbe kila hatua ina mlango wake. Mtuhumiwa anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na Katiba ya Kenya ya 2010 imeliandika hilo bila kuzungusha katika ibara ya 49. Mahabusu aliyeshindwa masharti ya dhamana mara nyingi amekwama kwa karatasi tu: mdhamini yupo, lakini hana barua ya serikali ya mtaa, au ana barua na kitambulisho chake kina jina lililoandikwa tofauti. Msaidizi anayejua njia ya kwenda kwa mtendaji wa kata humtoa mtu huyo haraka kuliko hoja nzito ya sheria.

Mfungwa naye ana saa yake inayopiga. Nchini Tanzania, anayekata rufaa kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio ndani ya siku 10, na kupeleka sababu za rufaa ndani ya siku 45. Mtu aliyetoka kuhukumiwa miaka 30 hawazi kusudio katika siku 10 za kwanza. Anawaza watoto. Maneno yenyewe, kusudio la kukata rufaa, yanamfikia kama sauti ya redio ya jirani. Hapo ndipo mtu wa kumkalisha na kumweleza taratibu ana thamani kuliko kitabu chochote cha sheria kilichoko maktaba.

Malawi walionyesha mapema jinsi kazi hii inavyoweza kupangwa. Mwaka 2000 mashirika manne ya huko, kwa msaada wa shirika la kimataifa la marekebisho ya magereza, yaliingiza wasaidizi wanane katika magereza manne. Hawakuanza kwa kushtaki serikali. Walianza kwa kukubaliana na idara ya magereza juu ya kanuni za mwenendo: nani anaingia, saa ngapi, na nini hakibebwi kuingia wala kutoka. Kisha wakafanya madarasa ya gerezani, ambamo mahabusu wenyewe huigiza hakimu, mwendesha mashtaka na mshtakiwa, hata mtu ajifunze kuomba dhamana kwa kinywa chake. Baadaye wakasaidia kusukuma kile walichokiita mahakama ya kambi: hakimu anafuata mahabusu gerezani, anaketi na orodha, na kila jina linaulizwa liko hapo kwa sababu gani. Miaka minne baadaye, tamko lililopitishwa Lilongwe kuhusu msaada wa kisheria katika mashauri ya jinai barani Afrika liliwataja wasaidizi kuwa sehemu ya mfumo, na mwaka 2012 Umoja wa Mataifa ukapitisha misingi yake inayowatambua vilevile.

Nimeitaja Malawi kwa sababu ya zile kanuni za mwenendo. Huko ndiko uongozi wa kazi hii unakoanzia, na vyuo vingi havikufundishi. Msaidizi mmoja akikubali kumpitishia mahabusu simu, au kupeleka ujumbe kwa shahidi, mkuu wa gereza hamfungii mlango yeye peke yake. Anawafungia wote, na mahabusu mia kadhaa wanabaki bila mtu. Kiongozi anayeijua kazi hachagui watu wake kwa vyeti tu. Anamtazama mtu anavyosalimia askari magereza getini, anavyomjibu karani aliyekasirika, anavyokataa soda ya ndugu wa mahabusu bila kumdhalilisha. Soda hiyo ina historia. Leo ni soda, kesho ni nauli, keshokutwa mtaani wanasema fulani anatoa watu kwa elfu hamsini, na hapo jina la kishoka limerudi.

Kiongozi huyu tumwiteje? Matangazo ya kazi husema meneja, na watu wamezoea. Wengine huandika msimamizi, nalo si baya, ila katika masikio ya watu wa mahakama msimamizi ni wa mirathi kwanza. Ukisema "nimekuja kwa msimamizi" karani atakuuliza marehemu ni nani. Napendelea mratibu. Meneja ana watu walio chini yake na amri inashuka. Mratibu wa wasaidizi wa kisheria hana amri juu ya karibu kila mtu anayemhitaji. Hamwamuru mkuu wa gereza, wala mpelelezi ambaye kila tarehe ya kutajwa jibu lake ni kwamba upelelezi haujakamilika, wala mwendesha mashtaka, wala hakimu. Hata wasaidizi wake wengi ni wa kujitolea, na mtu wa kujitolea hutishiwi barua ya onyo. Kazi yake ni kuwafanya watu wa ofisi tano wakubaliane kuwa jalada la fulani linahitaji kutafutwa wiki hii.

Silaha yake ni orodha. Mratibu mzuri anaweza kukuambia, bila kufungua kompyuta, ni mahabusu gani wamekaa muda mrefu kuliko wenzao, ni nani dhamana yake iko wazi na hakuna mdhamini, ni nani anaonekana mtoto lakini hati ya mashtaka imemwandika mtu mzima. Orodha hiyo akiifikisha kwenye kikao cha kusukuma mashauri, au Kenya kwenye kamati ya watumiaji wa mahakama, ambako hakimu, polisi, magereza na waendesha mashtaka huketi meza moja, hahitaji hotuba. Majina yanajisomea. Wafadhili wana mazoea mabaya hapa: wanapenda kuhesabu watu "waliofikiwa". Darasa la watu 200 kwenye uwanja wa gereza linaonekana kubwa kwenye ripoti kuliko majalada matatu yaliyopatikana baada ya kupotea miezi, ingawa ni hayo matatu yaliyowatoa watu. Mratibu asiyeweza kulitetea hilo mbele ya mfadhili atawageuza wasaidizi wake kuwa wahamasishaji wa mikutano.

Njia ya kufika hapo haijanyooka. Wengi huanza wakiwa walimu wastaafu, wajumbe wa mabaraza ya kata, wanawake waliowahi kupigania shamba lao wenyewe wakajifunza njia. Sheria ya 2017 haidai shahada kwa kila mmoja. Inawapa nafasi waliomaliza sekondari na kupata mafunzo yaliyoidhinishwa. Anayetaka kupanda huongeza cheti au stashahada ya sheria, na Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kimewapitisha wengi. Kenya, ambako Sheria ya Msaada wa Kisheria ilipita mwaka 2016, Chuo cha Sheria cha Kenya kina stashahada ya miaka miwili kwa ajili ya kada hii hasa. Cheti hufungua mlango wa usaili. Yanayobaki hupatikana korido za mahakama, kwa kujua kwamba karani wa masjala hupumua baada ya saa nane na ndipo aulizwe habari za jalada.

Kuna tawi moja la kazi hii lenye uongozi wa pekee kabisa. Kituo cha Sheria, shirika la Nairobi lililoanzishwa 1973, limewafundisha wafungwa wenyewe kuwa wasaidizi wa kisheria, katika magereza kama Kamiti, Lang'ata ya wanawake na Shimo la Tewa. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoamua, Desemba 2017, kwamba adhabu ya kifo isiyompa jaji hiari katika kesi ya mauaji inakiuka katiba, maombi ya kupangiwa adhabu upya yaliongezeka ghafla, na mtu anayejua kuandika ombi ndani ya gereza akawa na foleni mlangoni. Kumwongoza msaidizi wa namna hii kuna hesabu yake. Anaweza kuhamishiwa gereza jingine usiku mmoja pasipo wewe kuarifiwa, na majalada ya wenzake yote yako kichwani mwake. Au anashinda rufaa yake mwenyewe na kwenda nyumbani, na hiyo ndiyo nafasi wazi pekee ambayo mratibu huitangaza huku akicheka. Kwa hiyo kila msaidizi wa ndani hufanya kazi akiwa na mwanafunzi ubavuni, na daftari la kesi huandikwa kwa mwandiko ambao mtu mwingine anaweza kuusoma.