Muhogo wa Kikosi cha Nyuma, 1887–1888

Juni 1887, Henry Morton Stanley aliacha Yambuya, kando ya mto Aruwimi, kikosi cha nyuma cha msafara wa kumwokoa gavana Emin Pasha. Kiliongozwa na Meja Edmund Barttelot, aliyesomea chuo cha kijeshi cha Sandhurst, Uingereza.

Maofisa na wapagazi hawakula chakula kimoja. Maofisa walikuwa na akiba kidogo ya vyakula vya Ulaya. Wapagazi, wengi wao kutoka Zanzibar, walitegemea muhogo.

Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi. Wenyeji huuloweka majini siku kadhaa, kisha huuanika na kuutwanga uwe unga wa fufu, au huufunga majanini na kuupika uwe kwanga. Stanley aliandika kwamba wapagazi waliula bila kuuandaa hivyo, wakaugua na kufa.

Barttelot aliuawa kwa risasi huko Banalia, ambako kikosi kilikuwa kimefika, tarehe 19 Julai 1888. Stanley aliporudi tarehe 17 Agosti, alimkuta mmoja wa maofisa, William Bonny, pamoja na wapagazi waliodhoofika kwa njaa na maradhi. Zaidi ya nusu ya kikosi ilikuwa imepotea kwa vifo na utoro.