Kondoo wa Pauillac na Mishale Mitano

Mfaransa akitamkiwa mouton, kinachomjia akilini ni kondoo. Lakini shamba la mizabibu la Mouton, huko Pauillac kaskazini ya Bordeaux, halikurithi jina kwa mfugaji. Inasemekana jina limetoka katika neno la kale, mothon, yaani mwinuko, na kweli mizabibu yake imesimama juu ya kijilima cha changarawe. Jirani yake, Lafite, naye ni kilima kwa lugha ya Kigaskoni. Vilima viwili vimepakana. Kimoja kikaishia kuwa mnyama.

Mwaka 1853 Nathaniel de Rothschild, wa tawi la London, alilinunua shamba hilo mnadani. Lilikuwa likiitwa Brane-Mouton, kwa ukoo uliolimiliki zamani. Akaliondoa la Brane, akatia la kwao. Mwaka 1868 ami yake James, ambaye pia alikuwa mkwewe, akanunua Lafite.

Jina la Rothschild lilikuja na mishale yake. Mzee Mayer Amschel wa Frankfurt alikuwa na wana watano: mmoja akabaki nyumbani, wengine wakafungua benki London, Paris, Vienna na Naples. Mishale mitano katika nembo ya ukoo ndiyo hao ndugu.

Kondoo alingoja hadi wakati wa Philippe, kitukuu cha Nathaniel, aliyekabidhiwa shamba mwaka 1922 akiwa na miaka 20. Desturi ya Bordeaux ilikuwa kuuza mvinyo kwa mapipa, mfanyabiashara wa mjini akautia chupani mwenyewe. Philippe akaamua mvinyo wote wa mwaka 1924 utiwe chupani shambani, na kama chupa ni yake, basi na lebo iwe yake. Akamwita Jean Carlu, mchoraji wa mabango, naye akachora kichwa cha kondoo dume pamoja na mishale mitano.

Kwa nini dume? Kwa Kifaransa sanifu mouton ni kondoo maksai, na sijui tajiri gani angekubali maksai awe nembo yake. Philippe alikuwa na sababu tayari: alizaliwa Aprili 1902, chini ya burji la Hamali. Basi pembe zikaota.

Lebo ya Carlu haikudumu, ila kondoo hakuondoka. Tangu mavuno ya 1945, yaliyopewa lebo yenye herufi V ya ushindi, karibu kila mwaka msanii mpya huchora, na malipo yake ni mvinyo, si fedha. Dalí alichora kondoo mwaka 1958. Mwaka 1973, shamba lililowekwa daraja la pili katika upangaji wa mvinyo wa Bordeaux mwaka 1855 likapandishwa la kwanza, Philippe akiwa ameligombania kwa miongo. Lebo ya mwaka huo ina picha ya Picasso.

Leo wajukuu wa Philippe ndio wanaosimamia. Kampuni ya Lafite nayo hutumia mishale ile ile mitano, lakini kondoo hana.